Udongo Uliopumua Jumamosi na Jumapili

Mwanangu hakufukuzwa chuo. Naanzia hapo kwa sababu ndipo wengi wanapoanzia uongo wao. Hakufukuzwa, hakusimamishwa, wala hakupika namba. Alichelewa kuhitimu mwaka mmoja, na mwaka huo una sababu yake. Wako pia wanaosema kwamba wifi yangu alimwonea kijicho, akamwagia dawa kwenye vyombo vyake ili asimalize masomo. Hao ndio wanaokaa kwenye baraza yangu wakipimwa magauni na wifi huyo huyo, na wakishatoka getini wanamtafuna. Nimefundisha lugha maisha yangu yote ya kazi, najua habari inavyoota mkia inapopita midomoni mwa watu. Nimeona niiandike mimi kabla haijaota na pembe.

Binti ninayemsema ni kitindamimba wangu. Baba yake alimpa jina la utani la Kwanini angali na meno ya utoto, na jina likamganda hadi majirani wakaniita Mama Kwanini. Sikulipenda, lakini ningefanyaje. Mtoto mwenyewe alikuwa hivyo. Ukimwambia aoshe mikono, kwanini. Ukimwambia mikono ina vijidudu visivyoonekana kwa macho, basi wewe umejuaje kama vipo. Siku moja alifukua maharage yote ambayo baba yake alikuwa ameyapanda mbele ya nyumba, akayapanga juu ya tofali ayaone yamefikia wapi. Mimi nilikwenda kutafuta fimbo. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu mkuu, na shuleni watoto walinyamaza wakisikia viatu vyake, lakini siku hiyo alichuchumaa kando ya binti yake wakayatazama maharage pamoja, kisha wakayarudishia udongo. Hayakuota hata moja. Mtoto akalia.

"Yamekasirika," baba yake akamwambia. "Hata wewe ukifunuliwa shuka kila mara, hutalala."

Mzee alipofariki, bustani ile ya mbele ilibaki kama alivyoiacha. Kuna kitalu cha mboga kilichozungushiwa matofali yaliyolazwa ubavu, kuna kipande cha nyasi, na kuna njia ya udongo mgumu inayotoka getini hadi barazani. Kitalu alikirithi Kwanini. Alikitilia samadi, akakipalilia, na hata alipoanza chuo hakukiacha. Nyasi zilikuwa zangu. Baraza ilikuwa ya Wifi.

Wifi ni mdogo wake marehemu. Sisi wawili tunaitana wifi, kwa hiyo mahali popote ninapoandika Wifi, ni yeye. Nilimkuta katika nyumba hii nilipoolewa, na nikiondoka duniani kabla yake nitamwacha humo. Ni fundi wa kushona. Alipokuwa msichana shule ilimshinda baba yao kwa watoto wawili, akasoma kaka, yeye akapelekwa kwa fundi ajifunze. Kaka alipopata kazi, cherehani ya kwanza iliyoingia katika nyumba hii ilikuwa ya dada yake. Hakuolewa, na hilo hatuliulizi. Cherehani yake inakaa barazani kwa sababu ya mwanga, na kutoka hapo anawaona wapita njia wote, nao wanamwona. Nyumba hii anaiita nyumba ya kaka yangu. Hata akiwa ananiambia mimi, mwenye nyumba, kwamba bomba la jikoni linavuja, anasema bomba la nyumba ya kaka yangu linavuja. Nilizoea.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwaka wa mwisho chuoni, kila mwanafunzi wa sayansi hufanya utafiti wake mdogo, na asipopita hapo hahitimu. Kwanini alichagua kupima namna udongo unavyopumua. Alipotueleza mezani, Wifi aliacha kutafuna akauliza udongo una pua ngapi. Tukacheka. Lakini ni kweli tupu. Ndani ya udongo mna mizizi na vijidudu visivyohesabika, navyo vinatoa hewa ukaa kama tunavyoitoa sisi tukipumua. Udongo wenye mbolea hutoa nyingi, na uliokanyagwa ukachoka hutoa kidogo. Ukiinasa hewa hiyo ukaipima, umejua udongo ulivyo hai.

Chuo hakikuwa na mashine ya kazi hiyo, ikabidi atumie njia ya zamani. Alikusanya makopo makubwa ya maziwa ya unga, akayaosha. Alitafuta chupa za jemu zenye vifuniko. Ndani ya kila chupa alitia soda kali iliyoyeyushwa, soda ile ile inayotumika kutengeneza sabuni, maana ina tabia ya kuinywa hewa ukaa. Chupa aliiweka wazi juu ya kigoda cha waya alichokipinda kwa mikono yake, akaifunika kwa kopo lililopinduliwa, akalididimiza kopo kwenye udongo ili hewa isiponyoke pembeni. Aliyapanga makopo kitaluni, nyasini na njiani, na moja akalipindua juu ya sahani, mahali pasipo na udongo, liwe la kulinganishia. Jioni aliyaondoa, akafunika chupa, na asubuhi akazibeba hadi maabara. Asingeweza kuyaacha usiku, kwa sababu wakusanya vyuma chakavu wa mtaa wetu hawaachi hata msumari.

Kule maabara alitia ndani ya chupa dawa inayoigeuza soda kuwa ya rangi ya waridi, akadondoshea asidi tone kwa tone mpaka rangi ikapotea. Soda iliyokunywa hewa nyingi huhitaji asidi kidogo, na isiyokunywa kitu huhitaji nyingi. Alinieleza mara nyingi mpaka nikaelewa, mimi niliyeiaga kemia nikiwa na furaha.

Kabla ya kuanza alituita tukasimama bustanini. Akainua chupa moja mbele ya macho yetu, akasema hii inaunguza, ikimwagika kwenye ngozi inachubua, na ikiruka machoni ni hospitali. Tukasema tumesikia. Wifi alirudia maneno yale kwa sauti, kama mtu anayekariri vipimo vya nguo ya mteja. Hayo tu ndiyo tuliyoambiwa. Nayasisitiza kwa sababu wapo wanaodai kwamba Wifi alikatazwa akakaidi. Hakukatazwa kitu zaidi ya kumwaga.

Ndipo shida zikaanza. Juma la kwanza, makopo ya kitaluni yalikuwa sawasawa na lile la juu ya sahani. Yaani bustani aliyoitilia samadi miaka yote hiyo ilikuwa inapumua kama sahani ya bati. Akadhani soda imeharibika, akaomba nyingine. Ikawa vilevile. Akadhani hewa inapenya kwenye ukingo wa kopo, akawa anasindilia udongo wa mfinyanzi kuzunguka kila kopo, kucha zikamwisha. Vilevile. Akabadilisha chupa. Akapima asidi upya. Alirudi jioni amenuna, akavua viatu mlangoni, akapita bila kusalimu, mtoto ambaye sikumlea hivyo. Chakula kikamshinda. Nikimwuliza vipi, ananijibu kwamba ni vilevile Mama, na mlango unafungwa.

Kilichomvunja moyo zaidi ni kwamba mara nyingine jaribio lilikubali. Kitalu kilipumua vizuri, nyasi zikafuata, njia ikawa ya mwisho, kama vitabu vinavyosema. Halafu kesho yake udongo umekufa tena. Alizipanga namba mezani akazitazama mpaka macho yakawa mekundu, na hakuna aliyeona lililokuwa wazi, hata yeye. Aliyeliona ni msimamizi wake.

Msimamizi ni mhadhiri mwembamba anayezungumza taratibu, na aliwahi kuwa mwanafunzi wa mume wangu. Alizisoma namba zile akiwa amesimama, wanafunzi wengine wakisikia, akauliza ni udongo gani huu unaopumua Jumamosi na Jumapili peke yake.

"Udongo wenu umeajiriwa?" akamwambia. "Siku za kazi umelala. Mwisho wa juma ndiyo unahangaika na shughuli zake."

Maabara nzima ilicheka. Toka siku hiyo mwanangu, ambaye jina alilopewa na baba yake nilianza kulitamani, akaitwa Bi Wikiendi. Waliliita jina hilo kwenye ngazi, kwenye foleni ya chakula, hata kwenye basi. Lakini kicheko kilikuwa nafuu. Lililofuata ni kwamba msimamizi alimwita ofisini, akamwambia anavyoona yeye. Siku za mwisho wa juma binti alipima kweli, na siku za kazi alikuwa anaona uvivu, akaandika namba za kichwani. Akaamua kumpeleka mbele ya jopo la idara. Jopo likikubaliana na msimamizi, basi ni kughushi, na anayeghushi haondoki na shahada pale, wala harudishwi.

Nilivaa nguo yangu ya heshima nikaenda kumwona. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kumwambia kwamba katika nyumba ya mwalimu mkuu hatubuni namba. Alinipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akafunua karatasi zile akanionyesha kwa kalamu, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, zote bapa, halafu Jumamosi imepanda kama mlima.

"Mwalimu," akaniambia, "marehemu ndiye aliyenicharaza kwa kunakili majibu ya mwenzangu. Sijasahau. Sasa niambie wewe, ningemfanya nini mtoto wake?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira yenyewe sikujua niiweke wapi. Ningemkasirikia mhadhiri, lakini hesabu ilikuwa upande wake. Ningemkasirikia binti, lakini nilimwona kwa macho yangu kila asubuhi akisindilia udongo kabla hatujatoka, yeye akielekea chuo na mimi shuleni kwangu. Nilimwona na jioni akiyaondoa. Alipima. Nilikuwa tayari kuapa. Na kiapo cha mama, ndugu zangu, hakina uzito katika kemia.

Jumapili iliyotangulia siku ya jopo, Kwanini alitaka apime mara moja ya mwisho, akaniomba nimshikie kopo wakati akiweka chupa. Nilipoinama nikaona mstari mdogo wa buluu kwenye ukingo wa kopo. Chini yake, kwenye tofali la kitalu, palikuwa na mstari mwingine wa buluu uliokutana na ule wa juu barabara. Nikatazama kopo la pili. Nalo lina mstari, na jiwe lililo kando lina mwenzake. Njiani palikuwa na vijiti vidogo vimechomekwa, kila kijiti na alama.

Nilimwuliza binti kama ni yeye aliyeweka alama. Akasema aliziona zamani, akadhani ni kutu au rangi ya kopo, kichwa chake kilikuwa kwenye soda. Mimi sikuhitaji kuuliza tena. Nguo zangu zote zimewahi kuwa na mistari ile kwenye pindo, na huwa naipangusa mwenyewe kabla ya kuvaa. Ilikuwa chaki ya fundi.

Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa, na mimi fundi wangu wa nguo yuko barazani. Nikapanda ngazi, binti nyuma yangu. Wifi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, jicho moja amelifumba. Nikamwuliza kama amewahi kuyainua makopo ya mtoto.

"Kila siku," akasema, wala hakuinua uso. "Mkishatoka tu."

Alitueleza yote bila kusitasita, kwa sababu hakujua kama ana la kuficha. Makopo yalipoanza kupangwa, mke wa mwenye duka la jirani alikuja kupunguziwa gauni, akasimama njiani akauliza siku hizi mnapanda makopo, yataota lini tuje tuvune. Akaja mwingine akauliza kama tunatega panya. Wa tatu akasema angalia bustani ya mwalimu mkuu ilivyokuwa, sasa ni jalala. Wifi alimeza hayo siku ya kwanza, maana ilikuwa Jumapili na mtoto alikuwepo. Siku ya pili, sisi tulipofika mwisho wa mtaa tu, akayainua makopo yote, akayapanga nyuma ya nyumba, na jioni kabla hatujarudi akayarudisha. Ili asikosee akaweka alama kwa chaki, kila kopo na mahali pake, kama anavyoweka alama za mikono ya gauni ili wa kushoto usiende kulia. Siku za mwisho wa juma hakuyagusa, kwa kuwa mwenyewe alikuwepo, na mwenye mali akiwepo humgusii mali yake.

"Na chupa, Shangazi?" Kwanini akauliza. "Chupa ulizifanyaje?"

"Nilizifunika. Vifuniko si unaviacha kwenye kapu? Wewe mwenyewe ulisema inaunguza. Wateja wanakuja na watoto. Nikiache wazi kitu cha kuunguza mtoto wa mtu, kwenye nyumba ya kaka yangu?" Akachomeka sindano kwenye mto wake. "Sikumwaga hata tone. Jioni nilizifunua, nikarudisha kopo juu. Hata moja sikukosea mahali pake."

Hakika hakukosea. Alikuwa amefanya kwa uangalifu ambao wanafunzi wengi hawana, kutwa nzima, siku baada ya siku, na kwa uangalifu huo huo alikuwa ameuziba udongo pumzi. Soda iliyofunikwa nyuma ya nyumba ingekunywa hewa gani? Kwanini aliketi kwenye ngazi. Nilitegemea apige kelele, maana mimi nilikuwa karibu kupiga. Alikaa ameshika kichwa, kisha akaanza kucheka kicheko kibaya, kisicho na furaha, akasema kumbe maharage yalikuwa yanafunuliwa shuka.

Wifi akauliza kuna nini. Binti akamweleza. Alipofika kwenye jopo na neno kughushi, Wifi aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akanitazama mimi, akamtazama mtoto. Hakusema samahani. Alisema tu kwamba hakuna aliyemwambia ni lazima ikae wazi.

"Ni kweli," Kwanini akajibu. "Nilikuambia usimwage. Sikukuambia kwanini."

Hapo ndipo mimi na binti yangu tulipokosana, na kwa kuwa watu wameliongezea chumvi jambo hili, naliweka lilivyo. Nilimwambia aende mbele ya jopo aseme paka. Paka wa mtaa amekuwa akiangusha makopo. Sikuona aibu kumwambia hivyo na hata leo sioni. Shangazi yake ameibeba nyumba hii mgongoni, na sikutaka jina lake likachekwe na watu waliokwisha kumcheka mtoto wangu. Mficha uchi hazai, nalijua hilo, lakini mwenye kujivua nguo barabarani naye huchutama.

"Paka gani huyo, Mama, anayekwenda na kalenda?" akaniuliza. "Jumatatu yupo, Ijumaa yupo, Jumamosi amepumzika?"

Nikamwambia basi aseme mbwa, au watoto wa jirani, aseme lolote. Akaniambia kwamba wanamshitaki kwa kubuni, nami namfundisha kubuni, na kwamba akitoka pale na shahada iliyosimama juu ya paka, msimamizi atakuwa amesema kweli. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki, na kwa sababu sauti ilikuwa ya baba yake. Hatukusemezana mpaka siku yenyewe. Wifi alishona tu, na cherehani ilikwenda kasi kuliko kawaida.

Siku ya jopo tulikwenda watatu. Sikumwalika Wifi. Nilitoka chumbani nikamkuta amekwisha kuvaa, mkoba begani. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mkutano, ukuta umepakwa rangi ya mafuta hadi kifuani, juu yake chokaa imebanduka. Dirisha dogo lililo juu ya mlango lilikuwa wazi, kwa hiyo tulisikia kila neno. Msimamizi alisoma namba zake. Kisha wakampa binti nafasi.

Akasema kwamba siku za kazi makopo yaliinuliwa na chupa zikafunikwa, nyumbani kwao, yeye akiwa chuoni, na siku alizokuwepo hayakuinuliwa. Amelijua hilo Jumapili. Namba zote ni za kweli, ila za siku za kazi zimepima soda iliyofunikwa, hazikupima udongo, na anaomba zifutwe. Mwenyekiti akauliza ni nani aliyeyainua.

"Mtu wa nyumbani aliyekuwa anawakinga watoto wa watu wasiungue," akasema. "Nilimpa nusu ya maelezo. Jaribio ni langu, na kulilinda kulikuwa kazi yangu."

Halafu mmoja wao, sikumwona uso na ni heri sikumwona, akasema, "Kwa hiyo udongo hauna tatizo. Tatizo ni ukoo."

Wakacheka. Si wote, lakini walitosha.

Wifi akasimama. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkoba, na nilipomshika nikakuta amekamata kipande cha chaki ya buluu. Alitaka kuingia, awaonyeshe jinsi alivyoweka alama, awaambie ni yeye. Nilimshika mkono. Tulizungumza pale kwenye benchi, mimi na yeye, kwa sauti ya chini. Hakuingia.

Mlango ulipofunguliwa msimamizi alitoka wa kwanza. Akaniambia kwamba jopo limeridhika, hakuna kughushi. Nilikuwa sijamaliza kushusha pumzi akaendelea. Namba za siku za kazi zimefutwa, na za mwisho wa juma hazitoshi kitu. Mvua zimeanza, udongo umelowa, hali imebadilika, haiwezekani kupima tena msimu huu. Atarudia mwakani. Alisema pole Mwalimu, akanipa mkono. Mkono niliupokea. Pole niliiacha hapo hapo.

Mahafali ya wenzake yalipofanyika, Kwanini alikuwa kitaluni anapalilia. Muziki wa sherehe ulisikika mpaka kwetu. Ndipo mtaani wakaanza kusema amefukuzwa, na wale waliojua kisa nusu wakasema shangazi kamloga. Chuo nacho kina watu wake wa kupeleka habari, na mke wa mwenye duka hana haja ya gazeti.

Mwaka uliofuata alirudia, kwenye bustani ile ile, makopo yale yale. Nilimshauri aende kwingine, akakataa, akasema udongo haukumkosea. Safari hii alimkalisha shangazi yake chini akamweleza yote, kuanzia mzizi hadi tone la asidi. Wifi aligeuza cherehani ikatazama bustani. Mteja akikanyaga karibu na kopo, alimwambia apite upande wa pili, huku watu wanapumua. Mke wa mwenye duka, ambaye hana soni, akasimama tena palepale akauliza kama makopo yamechanua.

"Bado, jirani," Wifi akamjibu. "Tunangoja umbea wako. Tumesikia ni mbolea nzuri."

Majibu yalikuja kama vitabu vinavyosema. Kitalu kilipumua zaidi, nyasi zikafuata, njia ikawa ya mwisho. Mwaka mzima wa ujana wa mtoto wangu ulikwenda kuthibitisha kwamba bustani yenye samadi ina uhai kuliko njia inayokanyagwa, jambo ambalo mkulima yeyote angemwambia akiwa amesimama. Tena walimpa alama ya wastani, kwa sababu kanuni za chuo haziruhusu kazi ya kurudia ipewe zaidi ya hapo. Nimezisoma kanuni hizo mwenyewe, nikitafuta mlango. Hazina.

Sasa anafundisha sayansi katika shule ya sekondari. Nasikia wanafunzi wake wanamwogopa kidogo, na kwamba hawaruhusu waguse kitu kabla hajawaeleza sababu yake, hata kengele ikilia. Wameshampa jina la utani, lakini hajaniambia ni lipi, nami sijauliza. Kitalu anakuja kukipalilia mwisho wa juma.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyefukuzwa, hakuna dawa, hakuna kijicho. Wifi yupo barazani, anashona, na atakayekuja na kitambaa atashonewa.

Limebaki moja ambalo watu hunizungushia maneno ili niliseme, nalo ni nilichomwambia Wifi kwenye benchi lile hata akaketi, na alichonijibu. Hicho sikisemi. Si leo, si siku nyingine.